Kamba ya Kuposea

Nianze na miguu, maana ndiyo iliyochoka kuliko vyote. Ninaosha vyombo katika kantini ya jengo moja la maofisi hapa Etterbeek, mjini Brussels, wanapokula makarani, wakalimani na mabosi wao, na kazi hiyo hufanywa umesimama. Kuna mashine ndefu yenye mkanda. Upande mmoja unaingiza trei na sahani zenye mabaki ya viazi, upande wa pili zinatoka safi zikifuka mvuke. Upande wa kuingiza nasimama mimi, mtu wa Tanga. Upande wa kutoa anasimama mwenzangu, Mtamil wa Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka. Tumesimama hivyo miaka mingi, tukizungumza Kifaransa cha jikoni ambacho Mfaransa mwenyewe hakiwezi.

Mwenzangu huyu ananiita anna, maana yake kaka mkubwa, ingawa nina hakika ananizidi umri. Ndiye aliyenifundisha kwamba kwao mtu anayekuza mambo, anayesimulia makubwa yasiyokuwapo, husemwa kuwa anasokota kamba. Kayiru tirikkiran, anasema, huku akisugua viganja vyake viwili kama mtu anayesokota kweli. Sisi tunasema mtu anapiga chuku, au anatia chumvi, na vijana wa Dar es Salaam wanasema anapiga kamba. Nilipomwambia kwamba hata kwetu kamba ipo, hakushangaa. Alisema ya kwetu lazima itakuwa fupi.

Yeye mwenyewe ni bingwa. Asubuhi moja tukipanga trei alinieleza kwamba kwao Jaffna kuna kaa wakubwa ajabu. Shangazi yake aliweka kaa mmoja kwenye sufuria, akageuka kuchukua pilipili, kurudi akakuta kaa keshaondoka na sufuria. Nikapitisha kiganja hewani kama ninakata kitu. Hiyo ilikuwa ishara yetu: kata nusu. Akafikiri kidogo. "Basi," akasema, "aliondoka na mfuniko." Nikakata tena. "Alisukuma mfuniko." Hapo nikamkubalia, tukaendelea na sahani. Nami nikimsimulia habari za Tanga alikuwa akinikata vilevile. Jumba letu la ghorofa alilikata mpaka likabaki kibanda cha mabati, ambacho kusema kweli ndicho kilichokuwapo tangu mwanzo. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo. Ukishinda mbele ya mabaki ya chakula cha watu wengine unahitaji kitu cha kucheka, na sisi tulikuwa na hicho.

Nyumbani kwangu ni Saint-Gilles, si mbali na stesheni ya Midi. Ni nyumba ya kizamani iliyokatwakatwa vyumba vya kupangisha. Mimi niko juu kabisa, na chini yangu anakaa mama mmoja wa Bukavu anayefanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Ana mtoto mmoja tu, kijana wa kiume, fundi wa tramu, zile treni za barabarani, ambaye siku hizi amepanga Anderlecht. Sasa dunia ilivyo ndogo, kijana huyo akampenda binti wa mwenzangu wa Jaffna. Walisoma shule moja. Binti anafanya kazi kwenye duka la dawa. Walifichaficha kwa muda, kisha binti akachoka kuficha, akamwambia kijana alete wazee wake nyumbani kwao.

Wazee gani? Baba wa kijana alifia Kongo, na ndugu waliobaki wametawanyika. Ndiyo sababu mama yule akapanda ngazi kuja kugonga kwangu nikiwa nimetia miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Tonton," akasema, yaani mjomba, bila hata kukaa, "mutoto anataka kuoa. Na unajua papa yake alibakia kule. Alors, nani ataenda kusema? Njo weye, hakuna mwingine."

"Mama, mimi Mwislamu wa Tanga. Ninyi Wakatoliki, na wale wa Jaffna pia Wakatoliki. Nitaingilia wapi?"

"Bon, kwani unaenda kusoma misa? Tunataka mudomo tu. Na yule papa ni rafiki yako, munaosha sahani pamoja kila siku. Akikukatalia weye, atamukubalia nani?"

Kila mwenye shida katika nyumba ile hudhani kwamba mtu wa pwani amezaliwa na maneno mdomoni, akitikiswa yanadondoka. Nilimwambia nitafikiri.

Nilimpigia simu mke wangu, yuko Tanga. Tumekaa hivi miaka mingi, mimi huku, yeye kule, na tulikuwa tumekubaliana kwamba nikistaafu tu nafunga mizigo. Kustaafu kwenyewe kulikuwa karibu. Nikamweleza habari ya posa, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Baba watoto, ushenga si mzigo wa siku moja. Wakigombana watamwita nani?"

"Kuna wazee wao," nikasema.

"Wapi? Si umesema hawapo?"

Nikamwambia mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Kwetu ni kweli anayoyasema: mshenga akishafunga ndoa ya watu hajamaliza, ndiyo kwanza ameanza. Mke akikimbilia kwao anaitwa mshenga. Mume akinuna anaitwa mshenga. Lakini nilijiambia kwamba hapa ni Ulaya, watu wana washauri wa kulipwa, nami nitasema maneno mawili, nitakunywa chai, yamekwisha.

Basi nikaenda. Na nikaamua kitu kimoja njiani, ndani ya tramu, nikiwa na sinia la matunda na biskuti alilonifungashia mama wa kijana: sitasokota chochote. Nilikuwa na sababu zangu. Kwanza nilikuwa nimechoka, na chuku inataka nguvu. Pili nilimheshimu yule bwana. Kaa na sufuria ni maneno ya kazini, lakini binti wa mtu si habari ya kaa. Niliona kwamba mara hii moja, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito, rafiki yangu anastahili kuambiwa mambo kama yalivyo. Nilijiona mtu mwema sana ndani ya ile tramu.

Wanakaa Molenbeek, juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka kwenye mfereji. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mwenzangu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, kitu ambacho sikuwahi kukiona mwilini mwake, na kwa muda hatukujua tusalimianeje bila mashine katikati. Mkewe akaleta chai ya maziwa na bajia za dengu, akaketi karibu na mlango. Binti hakuonekana, ila nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa kimya mno.

Nikasema. Kijana ni fundi wa tramu, anashughulika na breki. Amepanga vyumba viwili Anderlecht. Jumamosi anakunywa bia, moja au mbili. Kanisani haendi kila Jumapili. Kabla ya tramu alikuwa kwenye ghala moja, akaachishwa kazi kwa kuchelewa. Anampenda mama yake. Anampenda binti yenu. Nilisema hayo yote kabla chai haijapoa.

Mwenzangu alikuwa akinitazama mdomoni, kama anayengoja kitu kitoke zaidi.

"Ni hayo tu, anna?"

"Ni hayo tu."

Akanisogezea sahani ya bajia. Tukazungumza bei ya viazi, na habari kwamba lifti ya kantini itatengenezwa. Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama wa kijana kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Siku iliyofuata, kazini, alingoja mpaka mashine ilipoanza kunguruma, kisha akasema bila kuniangalia: "Nimesikia ulichosema, anna. Jibu ni hapana."

Nilidhani anatania. Nikapitisha kiganja hewani, nikakata. Hakucheka. Akachukua rundo la sahani akaenda nalo rafuni.

Kuanzia hapo alinyamaza. Sijui kama mtu asiyefanya kazi ile anaweza kuelewa ukimya wa aina ile, kusimama na mtu kuanzia kifungua kinywa cha wakubwa mpaka kahawa yao ya mwisho, na hakuna neno. Niliumia, sifichi. Na zaidi ya kuumia nilikasirika. Nilikuwa nimemletea ukweli mtupu, ambao ni adimu sokoni, naye anaulipa kwa mgongo. Nikawa nazipanga trei kwa kelele ili ajue.

Lakini mimi nilikuwa nimepoteza soga tu. Binti wake alikuwa amewaambia wote wawili, baba na kijana, kwa maneno yaleyale: bila neno la baba yangu siolewi, na mwanamume mwingine sitaki. Hakupiga kelele wala hakulia, na hilo ndilo lililowatisha. Alikwenda dukani kwake, akarudi, akala peke yake jikoni. Kijana naye akakonda. Alikuja kumtembelea mama yake, nikamkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba yetu na sanduku la vifaa kati ya miguu, akaniamkia kwa adabu, "Shikamoo tonton," na adabu ile ikanichoma kuliko matusi.

Mama yake hakuwa na adabu hiyo.

"Tonton, mais ulienda kusema nini kule?"

Nikamrudia yote, moja moja. Nilipofika kwenye ghala akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Ulisema walimufukuza?"

"Ni kweli, mama. Walimfukuza."

"Najua ni kweli! Nani alikuuliza? Donc mutu anakutuma posa, weye unaenda kufanya ushahidi!"

Akashuka ngazi akizungumza na Mungu kwa Kifaransa. Nikabaki mlangoni na taulo begani. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba sikuzaa mimi, sikupenda mimi, sikuomba kutumwa. Miguu ikakataa.

Jumapili moja nikaenda soko la Midi kununua giligilani na bilinganya, maana kule zinauzwa rahisi watu wanapokaribia kufunga. Nikasikia mtu ananiita anna. Alikuwa mke wa mwenzangu, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na kikapu kimemvuta bega upande mmoja. Nikamsalimu. Nikataka kupita. Akaniwekea kikapu mbele ya miguu, nisiweze kupita.

"Kwa nini ulikuja nyumbani kwangu bila kamba?"

Nikamwambia sielewi.

"Umekaa na mume wangu miaka yote hii, unajua anavyosikia. Yeye hukata. Mimi pia nakata. Mama yake alikata. Mposaji akija akasema kijana ni daktari, tunajua anafagia hospitali, basi tunaanzia hapo. Wewe ulikuja ukasema anatengeneza breki. Mume wangu akakata, akaona hata kufagia tramu ni bahati. Ulisema vyumba viwili, akaona kijana analala kwa watu. Ulisema bia moja au mbili!" Akatikisa kichwa, kama aliyenihurumia. "Ile ya kufukuzwa kazi hakuikata. Ile aliizidisha."

Nilisimama pale na bilinganya mkononi. Kila nilichokisema kama kilivyo kilikuwa kimefika nusu, na aibu ya kijana ilikuwa imefika maradufu, na nilikuwa nimeifanya kazi hiyo mwenyewe, mtu ambaye alikuwa akimkata mume wake kila siku kazini na kufurahi.

"Lakini hilo si kubwa," akasema. "Angeweza kwenda kuuliza kwenye karakana ya tramu, na ameuliza. Anajua kazi ya kijana. Kinachomuuma ni kingine. Kwetu wanasema, sema uongo elfu moja ufunge ndoa moja. Wewe hukusema hata mmoja. Mume wangu alirudi chumbani akaniambia: yule ni rafiki yangu, ana mdomo, nausikia kila siku, na leo hakusokota hata shubiri moja kwa ajili ya kijana yule. Basi kijana yule hana mtu."

Mama yangu mzazi alikuwa akisokota kamba, za kweli, za makumbi. Wanawake wa kwetu walikuwa wakiyafukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni mpaka yaoze, kisha wanayafukua, wanayaponda, wanapata usumba, ndizo nyuzi zake, na usumba huo wanaukalia kutwa wakiusokota kwa viganja. Harufu yake haisemeki. Viganja vya mama yangu vilikuwa vigumu hivi kwamba alikuwa akishika sufuria jikoni bila kitambaa. Nikamweleza mwanamke yule hayo kwa Kifaransa changu kibovu, naye akanikunjulia kiganja chake mwenyewe akanionyesha, pale katikati ya soko. Kwao ni hivyohivyo, na makumbi yaleyale.

"Basi unajua," akasema. "Anayesokota anajichubua kwa ajili yako. Wewe ulikuja na mikono laini."

Akabeba kikapu chake, akaenda kununua samaki.

Nilimweleza mama wa kijana, na yeye akaelewa kabla sijamaliza. Akasema mara hii tunakwenda wote wawili. Nami, niseme ukweli, sikuwa na hamu. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa moyo. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kumwangalia kijana kwenye ngazi.

Sebule ileile, shati lilelile. Mwenzangu alitukaribisha kwa heshima kavu. Mama wa kijana alivaa vitenge vyake vya sikukuu vilivyojaza kochi zima. Chai ikaja. Nikaanza.

Nikasema kwamba siku ile ya kwanza nilikuwa na homa na sikusema lolote la maana. Kijana huyu, nikasema, ndiye anayeushikilia mji wa Brussels. Akiugua yeye, tramu zote zinasimama na mawaziri wanakwenda kazini kwa miguu.

Mwenzangu akanitazama. Pembe moja ya mdomo ikacheza. Polepole sana mkono wake ukanyanyuka kutoka gotini, ukakata hewa.

"Haya, nusu ya tramu," nikasema.

Akakata.

"Ile ya namba themanini na moja peke yake. Lakini hiyo ukiigusa bila ruhusa yake haiendi."

Akakata, na mkewe pale mlangoni akaziba mdomo kwa ncha ya sari.

Nikaendelea. Nikasema walimfukuza kwenye ghala kwa sababu alikuwa akifika mapema mno, mpaka bosi akaona haya kuwa wa pili kila siku. Nikasema vyumba vyake viwili vina madirisha mengi hivi kwamba majirani wanakuja kuazima mwanga. Bia nikazigeuza dawa ya tumbo aliyoandikiwa. Jasho lilinitoka. Nilikuwa na njaa, mgongo unaniuma, na nasokota, nasokota, huku mwenzangu anakata, nami nafunga fundo palepale alipokata na kuanza tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko trei. Mama wa kijana naye akatumbukia kwa Kifaransa chake kizuri: kwamba kijana huyu alipozaliwa alilia mara moja tu, kisha akaomba radhi. Hapo mwenzangu alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akaifuta miwani, akaivaa, akamuuliza mama yule kwa upole: "Na wewe, madame, utaniambia nini mimi nisikate?"

Mama akafikiri. Alianza kwa Kifaransa, akakwama. Akanigeukia mimi.

"Tonton, mie sijui kusokota. Umutafsirie hii tu. Tulikuwa tunakimbia mu pori. Mie nikaanguka na homa. Wantu wote wakaenda, juu vita ilikuwa nyuma, en tout cas siwalaumu. Yeye alikuwa mutoto mudogo kabisa. Nikamwambia, fwata wengine. Akakatala. Akakata jani, akawa ananifukuzia nzi. Nikilala, nikiamuka, namukuta na ile jani. Akaniambia: maman, mie nitangoja mupaka uamuke."

Nilitafsiri. Neno kwa neno, sikuongeza na sikupunguza, na Kifaransa changu kilitosha kwa mara ya kwanza maishani. Mkono wa mwenzangu ulibaki gotini. Yeye na mkewe hawakutazamana, ila mkewe aliacha mlango akaja kuketi karibu naye. Sijawahi kumuuliza walivyotoka Jaffna. Amenieleza kaa wote wa bahari ile lakini hilo hajanieleza.

Kisha mwenzangu akasema, na hakuwa anamwambia mama wa kijana, alikuwa ananiambia mimi:

"Watagombana. Watu wote wanagombana, na hawa wametoka pande mbili za mbali. Binti yangu akija hapa analia, mimi nitakuwa upande wake, sitaona sawa. Kijana hana baba. Siku hiyo nimwite nani?"

Nilijua anachouliza. Mke wangu alikuwa ameshakiuliza. Mama wa kijana alikuwa ananitazama, na nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa kimya kama siku ile ya kwanza. Nilifikiria kusema kwamba miezi si mingi mimi narudi kwetu. Ulikuwa ukweli, na nilikuwa nimeshaona ukweli wangu unavyofanya kazi ndani ya nyumba ile.

"Mimi," nikasema.

"Utakuwa hapa?"

"Nitakuwa hapa."

Akasimama, akafungua mlango wa jikoni, akasema maneno machache kwa Kitamil. Binti akatoka. Alikuwa ameshika kikombe, hajui akiweke wapi. Mama wa kijana akamfungulia mikono, na vile vitenge vyote vikamfunika. Mwenzangu akanishika bega mara moja, kwa nguvu, akaenda kuchemsha chai nyingine yeye mwenyewe.

Niliporudi chumbani kwangu nilivua viatu, nikampigia mke wangu kabla sijapoteza ujasiri. Nikamwambia posa imekubaliwa. Akapiga kigelegele, kidogo, cha mtu aliye peke yake nyumbani. Akauliza habari za bibi harusi, ni mrefu, ni mweupe, anapika nini. Nikamjibu. Kisha nikamwambia nilichoulizwa, na nilichojibu.

Kwa muda nilisikia kuku tu uani kwake. Sikusema mtandao unakatika.

"Basi umefanya vizuri, baba watoto," akasema hatimaye. "Wao wana mtu wa kumwita. Mimi nimwite nani?"

Walifunga ndoa, na wamegombana tayari, na niliitwa, nikaenda, nikawapatanisha juu ya jambo dogo lisilo na maana. Kustaafu kumekuja, nimeomba niongezewe muda pale kantini. Mke wangu nampigia kila Jumapili. Swali lake sijalijibu, naye halirudii. Namweleza mvua ya huku, ananieleza joto la kule, mpaka mmoja wetu anasema haya, usiku mwema.